Mashini Iliyotaka Namba

Kwetu mtoto hahesabiwi. Muulize mwanamke yeyote wa huku, kuanzia Kabambare mjini hadi kwenye machimbo ya Lusangi, ana watoto wangapi. Atakutazama kana kwamba umemuuliza siku yake ya kufa, halafu atakutajia majina. Ukitaka kuhesabu, hesabu kimoyomoyo, na dhambi ni yako. Mbuzi huhesabiwa, na mwenye kuhesabu mbuzi ana nia: kuuza au kuchinja. Mimi Émérance nina diploma ya uuguzi, na watu huniita titulaire kwa kuwa ndimi mkuu wa kituo cha afya cha kijiji chetu. Lakini hata mimi, ukiniuliza wangu, nitakutajia. Usinicheke. Kila mtu ana pahali ambapo diploma yake inaishia.

Nalisema hili mwanzoni kwa sababu Yakubu hakuambiwa mwanzoni. Hakuna aliyemficha. Jambo ambalo kila mtu analijua ndilo linalosahaulika kusemwa.

Yakubu ni kijana wa Kasongo, wa zile familia za Waislamu wa mjini zilizouza vitambaa tangu enzi za misafara. Wazee wake walitaka ashike duka. Yeye akaenda kusoma informatique, mambo ya kompyuta, akarudi na miwani na tabia ya kutazama mbali mtu anapomsemesha. Mradi mmoja wa afya ya wajawazito ukamwajiri aandike programu ya kusaidia vituo vya huku. Alifika kwetu kwa pikipiki, tope hadi mapajani, tableti imefungwa ndani ya plastiki juu ya plastiki, na kabla hajanawa hata uso akaifungua kuona kama imepona. Nilimpenda kwa hilo. Mimi pia sanduku langu la dawa hulifungua kabla ya kuvua viatu.

Shida ambayo programu ile ilikuja kutibu ni barabara. Kutoka kwetu hadi hospitali Kasongo ni siku nzima juu ya pikipiki ukibahatika, na mvua ikikolea hata bahati haipiti. Mjamzito mwenye hatari hawezi kungoja uchungu uanze ndipo apande. Anatakiwa aondoke wiki kadhaa mapema, akalale katika nyumba ya kungojea karibu na hospitali, ili siku ikifika daktari awe hatua chache tu. Vitanda vya nyumba ile ni vichache, wanawake ni wengi, na kila titulaire ana shemeji mjamzito. Kwa hiyo mradi ulikata shauri: pikipiki na kitanda vitatoka kwa neno la mashini tu. Niliwahi kumpeleka mama mmoja kwa kichwa changu mwenyewe. Alirudishwa mlangoni.

Jioni ile ya kwanza Yakubu alinieleza mambo ya mashini yake, na nilielewa, kwa kuwa alieleza vizuri. Alisema programu nyingi hufanya kazi kama karani: zinaanza juu, zinashuka mstari kwa mstari. Hii yake ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya kanuni. Kanuni zimekaa, kila moja inangojea jambo lake. Moja inasema: ikiwa mama ana mimba, na ikiwa anaishi mbali na hospitali, na ikiwa amekwisha kuzaa mara tano au zaidi, basi atumwe Kasongo mapema. Unapoingiza habari za mama, kanuni zote zinatazama. Iliyoona jambo lake inaamka na kusema. Nilimuuliza isiyoona hufanya nini. Akajibu kwamba hunyamaza. Nikaona ni tabia njema, maana nimefanya kazi na madaktari wanaosema hata pasipo jambo.

Ndani ya kanuni ile kulikuwa na kitu alichokiita fonction, ambacho kazi yake ni kupima hatari. Alikifananisha na mashine ya kusaga mihogo: unaitilia kitu, inakupa kitu. Ila hii ilitaka kutiliwa vitu vitatu kwa mpangilio, umri wa mama, idadi ya mizao, na miezi ya mimba, na kila kimoja kilikuwa na aina yake. Vyote vitatu vilikuwa namba. Ukitia namba inasaga. Hakuniambia inafanya nini ukitia neno, na mimi sikumuuliza, maana nani atie mawe kwenye mashine ya mihogo?

Sisi ndio tuliotia.

Kwenye tableti palikuwa na kisanduku kimeandikwa Mizao. Kilikubali chochote ulichobonyeza, herufi au tarakimu. Nikimwuliza mama, ananitajia majina. Nami ninaandika majina. Baadaye nilikuja kujua kwamba wauguzi wa vituo vyote vya upande wetu walifanya vilevile, bila kuambizana. Tuliandika kwa uangalifu kabisa, na tahajia nzuri, tukaacha nafasi kati ya jina na jina. Mashini haikukataa wala haikulalamika. Ilikaa kimya, na kimya chake tukakisoma kama amani.

Kisha Victorine akafa. Alikuwa mama wa makamo, mlimaji wa mpunga, mwenye kicheko kinachosikika hadi ng'ambo ya bonde. Majina ya watoto wake yalijaza kisanduku kile hadi yakavuka ukingo wa kioo. Mashini ikanyamaza, basi nikamwambia hana hatari, azalie kwetu. Alitoka damu ambayo sikuwa na cha kuizuia. Tulimpandisha pikipiki kati ya watu wawili, dereva mbele na mumewe nyuma amemshika, na walirudi kabla ya kufika nusu ya njia kwa sababu hapakuwa tena na wa kumpeleka.

Nilimpigia Yakubu simu, na maneno niliyomwambia sitayarudia kwenye karatasi. Alikuja. Aliketi mbele ya tableti bila kuvua koti la mvua, akatazama jina moja moja la watoto wa Victorine, halafu akaomba maji ya kunywa na hakuyanywa.

"Ilisema, mama titulaire," aliniambia. "Kila mara ilisema: kitu cha pili si namba. Lakini ilisemea Kasongo, ndani ya faili ambayo hakuna mutu anafungua. Kanuni ilipewa maneno pahali pa namba, basi haikuweza kupima kama ni tano ao zaidi. Ikalala."

Nikamuuliza ni kosa la nani. Alisema ni lake, maana mwenye kujenga mlango ndiye anayejua nani asipite. Sikumbishia. Nilikuwa na hasira, na hasira ikipata mtu anayekubali kosa hukosa pa kwenda.

Alirekebisha siku ileile. Kisanduku cha Mizao sasa kilikubali namba tu. Ukibonyeza herufi, kidole kinachoka bure. Aliporudi Kasongo nilijiambia kwamba mila iliyomuua Victorine haistahili heshima. Mama akija, ananitajia majina, nami mbele ya macho yake ninahesabu na kubonyeza tarakimu. Wiki mbili hazikuisha, mtoto wa mama mmoja akashikwa na surua. Alipona, na surua ilikuwa imeenea pote, wala haikuchagua waliohesabiwa. Nenda ukalielezee soko hilo. Maneno huumba, wanasema huku, na kidole changu kilikuwa kimesema kwa sauti kubwa. Wajawazito wakaacha kuja. Benchi lao la asubuhi likabaki na kuku.

Kati ya walioacha kuja alikuwamo Laetitia, ambaye sisi humwita Mama André kwa jina la mkubwa wake. Mume wake Salomon huchimba dhahabu Lusangi na hurudi mwezi unapomchosha. Laetitia huishi na mama mkwe wake, Mama Régina, mwanamke mkavu, mwenye sauti ya chini ambayo kila mtu huisikia. Mimba ile ilikuwa imekomaa, na mvua zilikuwa karibu kuifunga njia. Mimi niliyajua mambo ya Laetitia. Mzao uliopita, kondo la nyuma lilichelewa, nami niliukanda mji wake wa uzazi kwa mikono yote miwili hadi mikono ikatetemeka, na kama damu ile ingeamua vingine sijui. Mashini haikuwa na kanuni ya mikono yangu kutetemeka. Ilikuwa na kanuni ya idadi. Nilijua, kama ninavyoijua njia ya kisimani, kwamba huyu akizalia hapa atamfuata Victorine.

Nilikwenda kwake. Alikuwa akimenya mihogo, tumbo limemzuia kuinama vizuri. Alinipa kigoda, akanipa maji, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa adabu kwamba hatakaa mbele ya kitu kinachohesabu tumbo lake, na kwamba Mungu wa Victorine ndiye wake pia. Nilirudi nyumbani nikalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Siku chache baadaye Yakubu akatokea tena, bila kuitwa. Habari kutoka upande wa Kabambare zilikuwa zimekauka, kituo baada ya kituo, naye hakuweza kukaa Kasongo akitazama visanduku vitupu. Alidhani tableti zimeharibika. Nikamketisha, nikamweleza yote niliyokueleza hapa: mbuzi, majina, kidole changu, surua, Mama André. Nilieleza kwa ukali, nikitegemea abishe. Hakubisha. Alitazama mbali kama kawaida yake, muda mrefu, hata nikadhani hanisikilizi.

"Hata bibi yangu Kasongo hahesabu," alisema mwishoni. "Nilifikiri ni mambo ya bibi yangu tu."

Halafu akauliza swali ambalo hadi leo namheshimu kwa ajili yake. Aliuliza kwa nini mtu ahesabu, wakati kuhesabu ni kazi ya mashini.

Alifanya kazi mchana wote kwenye chumba changu cha chanjo, akinieleza kila hatua kana kwamba mimi ndiye ninayeandika. Katika lugha ile ya kanuni, alisema, unaweza kuiambia fonction: vitu viwili vya kwanza utakavyopewa ni namba, umri na miezi, na vyote vitakavyofuata, viwe vingi viwe vichache, ni majina, vikusanye katika mfuatano mmoja. Hatuiambii mapema yatakuwa mangapi. Itapokea jina moja, itapokea ukoo mzima. Yenyewe ndani kwake itapima urefu wa mfuatano. Na kitu kitakachotoka hakitakuwa namba. Kitakuwa ndiyo au hapana. Idadi itazaliwa ndani na kufia ndani. Haitaonekana kwenye kioo, haitaandikwa popote, hata yeye Yakubu hataiona.

Nilimwambia kwamba kama lugha yake iliweza hivyo tangu zamani, Victorine angekuwa analima. Alisema anajua. Alisema hivyo bila kuinua macho, na nikajuta kwa namna nisiyojua kuieleza, maana nilichosema kilikuwa kweli.

Asubuhi yake tulikwenda pamoja kwa Laetitia. Mama Régina alitupokea uani, akamtazama kijana kuanzia miwani hadi viatu, akamuuliza ni wa nani. Yakubu alipotaja babu yake, bibi akakumbuka duka. Aliwahi kununua pale kitenge cha arusi. Hilo lilifungua mlango nusu. Nusu nyingine ilifunguka kwa maswali, na alikuwa nayo mengi. Mashini hii ina macho? Hapana, bibi. Ina kijicho? Hapana. Inaweza kumsimulia mtu? Inasema ndiyo ao hapana, bibi, haina neno lingine. Yeye mwenyewe Yakubu atajua ni wangapi? Akajibu kwamba atayasikia majina kama tunavyoyasikia sote, na hatahesabu, na akamwapia kwa Mungu.

Mama Régina akafikiri. Akasema kitu kisichotamani hakiwezi kudhuru, na kwamba mkwewe akitaka aketi. Laetitia akanitazama mimi, si Yakubu. Nikamwambia, "Mama André, njoo." Akaja.

Tuliingia ndani kwa sababu ya mvua. Laetitia alikaa kwenye mkeka, ameegemea ukuta. Yakubu akaandika umri, akaandika miezi, kisha akamwomba amtajie. Laetitia akataja watoto wake polepole, akisubiri kila jina liandikwe.

"André. Laura. Blaise. Faida."

Yakubu akabonyeza. Tukangoja. Mashini ikanyamaza.

Akabonyeza tena. Ikanyamaza. Kisha chini ya kioo likatokea neno moja: hapana. Yakubu akaanza kupekua kanuni zake kwa vidole vya haraka, akidhani amekosea pahali, akisema peke yake kwa Kifaransa. Mimi sikuhitaji kupekua. Mimi nilikuwepo kwa kila mmoja. Nilikata vitovu vyao vyote.

Kati ya Laura na Blaise kulikuwa na mwingine, msichana. Alifariki alipokuwa ameanza kusema, kwa homa iliyompanda asubuhi na kumaliza kazi yake kabla ya jioni. Mimba haisahau. Mji wa uzazi uliochoka kwa kumbeba yule hauwi mpya kwa sababu amezikwa, na kanuni iliuliza mizao, haikuuliza walio hai. Lakini huku kwetu mwanamke mwenye mimba halitaji jina la mtoto aliyemzika. Kumtaja ni kumwita, na akiitwa anaweza kuja kumchukua mwenzake aliye njiani. Tangu mimba ile ionekane, jina hilo halikuwa limetamkwa nyumbani mle. Hata Blaise, aliyerithi vikombe vyake, alikuwa amefundishwa kusema yule wa zamani.

Nikamwinamia Yakubu, nikamweleza sikioni kwa maneno machache. Akaacha kupekua. Nikamwambia aandike jina lolote, la jirani, la mtakatifu, mashini haijui, yenyewe inataka urefu tu. Nilidhani nanong'ona. Chumba kilikuwa kidogo.

"Usiandike mutoto wa uongo juu yangu," Laetitia alisema. "Jina lenye halina mutu, linatafuta mutu. Litakuja kwa huyu." Akaweka mkono tumboni.

Yakubu akamwomba radhi kwa niaba yangu, jambo lililoniudhi, ingawa alifanya vyema. Kisha akajaribu njia nyingine. Kwa sauti ya upole sana akamwambia kwamba si lazima jina. Katika lugha ya mashini kuna alama ya kuwekwa pahali pasipo na kitu. Angeiweka katika mfuatano, kati ya Laura na Blaise, nayo ingechukua nafasi moja kama jina lolote. Hakuna ambaye angelazimika kutamka chochote. Mama Régina akatikisa kichwa kukubali. Mimi pia nilikuwa tayari kumbusu kijana yule. Ilikuwa kana kwamba pikipiki tunaisikia mlangoni.

Laetitia akauliza alama ile maana yake nini.

Yakubu ni mtu asiyejua kudanganya. Akamwambia maana yake ni hakuna.

Mvua ilikuwa ikipiga bati kwa nguvu. Laetitia alikitazama kile kioo cha tableti kutoka pale alipokaa. Nilimwona anakaza taya, nikadhani ni uchungu umeanza, nikainuka nusu. Nami nasema wazi kwamba niliogopa. Niliona njia imefungwa, niliona mikono yangu mwenyewe imejaa damu, na nilitamani kumshika mabega nimtikise, nimwambie akubali hiyo alama, akubali chochote, mfu hadhuriki.

"Mutoto yangu si hakuna," alisema.

Mama Régina akamwita mara moja, kwa jina lake la usichana, kumkataza. Laetitia akamgeukia. Akamwambia, "Mama, unisamehe. Nilimuzaa. Nilimunyonyesha. Kama leo anaweza kunisaidia, basi anisaidie kwa jina lake." Mama Régina akainuka, akatoka, akasimama chini ya ukingo wa paa, mgongo umetuelekea. Hakwenda mbali zaidi.

"Anza tena," Laetitia akamwambia Yakubu. "Futa yote. Nitataja kama walivyokuja."

Yakubu akafuta.

"André," alisema. "Laura." Kisha akavuta pumzi, na midomo ikalitafuta kwanza bila sauti, kwa maana mdomo nao husahau njia. "Sarah-Grâce. Blaise. Faida."

Kanuni ikaamka. Sijui kama mashini ina haraka, ila mara hii ilionekana kuwa na haraka. Kioo kikasema ndiyo, na chini yake: atumwe Kasongo, kitanda kipo.

Nikuambie mapema, usikae roho mkononi. Aliondoka kabla mvua haijaifunga njia, na huko Kasongo damu ilimtoka kama nilivyoogopa, tena zaidi ya nilivyoogopa. Lakini daktari alikuwapo, na damu ya kumwongezea ilikuwapo, na yu hai, na mtoto yu hai, mnene, analia usiku kucha kama anadai ushuru. Wanawake waliposikia walirudi kwenye benchi, na kuku wakatafuta pengine. Hayo yote yalikuja baadaye. Ninachokumbuka mimi ni chumba kile, muda mfupi baada ya kioo kusema.

Yakubu alikuwa akifunga tableti katika plastiki zake. Laetitia akamwomba angoje. Akamuuliza kama mashini imemweka yule pamoja na wengine, au imemweka kando.

"Pamoja nao, mama. Kati ya Laura na Blaise, pale ulipomutaja."

"Inajua alikufa?"

Yakubu akavua miwani. Naona alikuwa akitafuta jibu lililo kweli, na akiogopa lisiwe jibu baya.

"Haijui. Sikuiwekea pahali pa kujua ile. Kwake yeye wote wako sawa."

"Wote sawa," Laetitia akarudia.

Ndipo akalia. Siku ya mazishi hakulia; nilikuwepo, aliwagawia watu chakula. Sasa alilia kwa mwili mzima, ameshika tumbo asije akalitikisa sana, na sisi wawili tukakaa tusijue pa kuweka mikono yetu. Mama Régina akaingia, maji yanamdondoka mabegani. Akaketi mkekani kando ya mkwewe, akamvuta kichwa mapajani kwake. Kisha, kwa ile sauti yake ya chini ambayo kila mtu huisikia, naye akamwita mjukuu wake kwa jina.